Themostati Kwenye Sufuria ya Mayai

Mpaka leo ukiniuliza kwa nini nilikiokota kile kifaa, sina jibu la kukupa mara moja. Mahali nilipokiokota napajua. Ilikuwa kituo cha mafuta kabla hujafika Taif, njia ya kwenda Jeddah, jua la mchana limesimama utosini na gari la bosi limefunguliwa boneti, linafuka mvuke.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa Sultan na mkewe Hala, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Sultan ndiye aliyekuwa kafili wangu, mwajiri mwenye dhamana ya kibali changu. Watu wa asili ya Unguja hao. Mama yake, Bi Mwatima, aliletwa Saudia akiwa msichana mdogo, mwaka ule wa mapinduzi, akakulia Jeddah kwenye mtaa wa Ghulail na hakutaka kuhama. Basi bosi alikuwa akinituma kwa Kiswahili, na wasichana wenzangu wa Kenya walinionea wivu kweli kweli. Wao walikuwa wanaelekezwa kwa vidole. Nikiwaambia kwamba na mimi sielewi kinachoendelea katika nyumba ile, walisema naringa. Lakini mtu wa kwetu akikasirika utajua, jirani naye atajua. Sultan alikuwa akikasirika kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, na mimi nilikuwa nabaki nimeshika kidishi cha chumvi sijui kama nimetukanwa.

Dereva wa nyumba alikuwa Solomon, Mkenya mwenzangu, kijana wa Nakuru aliyekulia gereji. Alilala chumba cha nje, kando ya geti. Siku yangu ya kwanza madam Hala alinieleza kwamba mimi na dereva tutaongea habari za safari na mizigo, basi. Alilisema hivyohivyo alivyosema viatu vinavuliwa mlangoni, bila ubaya wowote, na mimi sikuona tabu. Sikuwa na haja na dereva. Kwanza alikuwa ananiudhi. Ukimwita haitiki mpaka amalize anachofanya, na akiosha gari anapiga mluzi wimbo mmoja tu, tena nusu yake. Nilikuwa natamani nimtolee kichwa dirishani nimwambie aumalize. Sasa ni lini nilianza kusimama dirishani kuusubiri ule mluzi, hapo ndipo sijui, na nimetafuta.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumchukua Bi Mwatima. Magoti yalikuwa yamemkataa, na mwanawe alitaka atibiwe Riyadh, akae naye mpaka atembee vizuri. Tulikwenda wote: bosi kiti cha mbele, madam na watoto katikati, mimi nyuma kabisa na mabegi. Siku mbili kabla ya hapo Solomon alikuwa amebadilisha mpira mmoja wa rejeta uliopasuka, akajaza maji mwenyewe, akafunga. Gari lilikuwa linatembea vizuri tu mtaani.

Tulipoiacha Riyadh mbali, mshale wa joto ukaanza kupanda. Solomon alizima AC, akafungua vioo, halafu akawasha hita mpaka mwisho. Katikati ya jangwa, kiangazi. Madam alimuuliza kama ana akili timamu. Solomon alieleza kwamba hita huchukua joto la injini na kulitoa, kwa hiyo ingetusaidia. Tukakaa tunasubiri kuungua, lakini hita ikatoa upepo wa kawaida, hauna moto wa aina yoyote, na mshale ukazidi kupanda. Nakumbuka alivyokunja uso. Aliweka kiganja kwenye tundu la hita, akakitoa, akakirudisha. Yeye aliyetuambia moto utatoka hakuelewa kwa nini hautoki, na sisi tusiojua lolote tulikuwa tunashukuru Mungu.

Kwenye kile kituo bosi alikwenda kuswali, madam akawapeleka watoto kula, mimi nikaachwa na mabegi. Solomon alisubiri injini ipoe, akachukua spana, akafungua kitu fulani karibu na ule mpira mpya. Akatoa kifaa kidogo cha shaba chenye springi, kinaenea kiganjani. Nilimuuliza ni nini. Hiyo haikuwa habari ya safari wala ya mizigo, au labda ilikuwa ya safari, sijui madam angehesabuje.

Akanieleza kwamba hiyo ni themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ishike moto, kisha yenyewe inafunguka na kuyaruhusu. Hii ilikuwa imekufa, alisema, imegoma kufunguka, ndiyo maana tunachemka.

"Nyumbani tunaitoanga tu," alisema. "Nchi ya joto, hii ya nini?"

Akaitupa chini kando ya gurudumu, akafunga, akajaza maji, akawasha. Kutoka hapo mpaka Jeddah mshale haukunyanyuka. Bosi alimuuliza kama amemaliza, akajibu amerekebisha, bosi akasema yalla, twende. Hakuna aliyetaka kujua zaidi. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuinama. Nilikiokota bado kina joto, nikakifuta kwa abaya, nikakitia mfukoni, nikapanda gari na uso wa mtu asiye na habari.

Tulirudi Riyadh na Bi Mwatima. Nilimpenda yule bibi tangu alipokataa kukaa kitini akaketi kitandani kwangu kuniuliza kwetu wanapika nini. Solomon alimwita Sulemani, na Solomon akawa anaitika mara moja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kile kifaa nilikifunga kwenye kitambaa cha kichwa, nikakiweka ndani ya sanduku langu, chini ya nguo za kanisani. Jioni nyingine nilikuwa nakitoa, nakibonyeza springi, nakirudisha. Mtu mzima, ninazo akili zangu, nimeacha watoto wa dada yangu Siaya wanasoma kwa jasho langu, halafu nimeketi kwenye kitanda Riyadh nabonyeza chuma cha gari. Nilikuwa nampenda. Haya, nimesema. Yeye sikujua kama ananiona hata.

Baridi ya Riyadh mtu wa Siaya haiamini mpaka imuume. Mwezi wa kwanza, asubuhi, ukitoka nje masikio yanauma. Bi Mwatima alikuwa anapelekwa hospitali mapema kufanyishwa mazoezi ya magoti, mimi namsindikiza. Solomon anawasha hita, inatoa ubaridi. Tunafika katikati ya njia, bado ubaridi. Bibi anajifunika blanketi, anamuuliza Sulemani hilo gari lina nini, na Solomon anasema litapata moto, Bibi, vumilia kidogo. Halikupata moto. Baada ya siku kadhaa Bibi akaanza kukohoa, kikohozi kikashuka kifuani, na daktari akasema kama wangemchelewesha angelazwa.

Sultan alilipeleka gari gereji mwenyewe. Fundi wa huko alifungua, akamwambia themostati haimo, injini haiwezi kupata moto na hita haiwezi kufanya kazi. Akamwambia pia kwamba kifaa hakitoki chenyewe. Kilichukuliwa, na madereva huuza vitu vya magari ya watu.

Bosi alimwita Solomon sebuleni. Mimi nilikuwa napanga vikombe, nikaendelea kupanga vilivyokwisha kupangwa.

"Umemuuzia nani?" aliuliza, kwa sauti ileile ya chumvi.

"Sikuuza, bosi. Niliitupa."

"Uliitupa," alirudia Sultan. "Kifaa cha gari la watu, mtu anakitoa anakitupa?"

Solomon alieleza yote, ya nchi ya joto, ya gereji za Nakuru, kwamba kwetu hata magari ya wakubwa hayana. Kila alivyoeleza alizidi kuonekana mwongo. Na kusema haki, ukiwa si mtu wa kwetu, utaaminije? Bosi alikuwa anatafuta maana ya jambo lile, na maana pekee iliyokuwa karibu ilikuwa wizi. Solomon naye alikuwa anamtazama haelewi kwa nini mtu aulize kitu ambacho kila fundi anakijua. Walikuwa wanasema Kiswahili wote wawili na hakuna aliyempata mwenzake. Mwishowe Sultan akasema kwa upole kabisa kwamba kesho atamkatia tiketi, arudi kwao, na wakala wa Nairobi ataambiwa sababu. Halas, yamekwisha.

Hiyo sababu ndiyo ilinitoa jasho. Kurudishwa nyumbani watu wanarudishwa kila siku, wanajipanga, wanarudi tena Uarabuni. Lakini ukiandikwa mwizi kwa wakala hakuna nyumba itakayokuchukua, Riyadh wala Jeddah wala Doha. Na kifaa chenyewe kilikuwa juu, kwangu, chini ya nguo za kanisani.

Sikulala vizuri. Nikikitoa, wataniuliza kimefikaje sandukuni. Nikisema nilikitunza kwa ajili ya gari, ningekitoa Bibi alipoanza kukohoa. Na hapo niseme kweli, ningekitoa kama ningejua. Sikuwa najua kwamba kile kifaa na ule ubaridi ni habari moja. Solomon alikuwa amesema hakina kazi, nami niliamini. Nikisema tuliiba pamoja, tunaondoka wote. Nikinyamaza, anaondoka yeye, na mimi nabaki na chuma. Nilijikasirikia, nikamkasirikia na yeye pia kwa kutupa vitu ovyo. Asubuhi nilibandika mayai jikoni nikasahau mkate ukaungua.

Nilipeleka chai sebuleni, kwa bosi na mama yake. Niliweka vikombe, sukari, maziwa ya Bibi, na kando ya kikombe cha bosi nikaweka themostati. Sinia ile nilivyoishika sikumwaga hata tone. Sultan alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika chuma.

Hakuniuliza kitu. Alimwita Solomon, na Solomon alipokiona alifurahi jinsi mtu anavyofurahia kupata ikama yake, kibali cha kuishi, iliyopotea. Hakushangaa hata kimefikaje pale. Akasema ndiyo yenyewe hiyo, imekufa, na kama bosi haamini ikatiwe kwenye maji yanayochemka. Ikiwa nzima itafunguka. Hii haitafunguka, na bosi ataona kwa macho yake kwamba alitupa takataka, hakuuza mali.

Basi tukaenda jikoni. Madam alishuka kuona kuna nini. Bi Mwatima akaja na gongo lake, hakukubali kuachwa. Mayai yalikuwa bado kwenye sufuria, nikaongeza moto, Solomon akakifunga kifaa kwa uzi akakishusha katikati ya mayai. Watu watano tumeinamia sufuria moja. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kisifunguke. Sijawahi kuomba kitu kiwe kibovu maishani mwangu, na siku ile niliomba kwa jina la Yesu, jikoni kwa Waislamu, juu ya mayai.

Maji yalichemka. Kifaa kikatulia hapo chini, hakifanyi kitu, na Solomon akaanza kumtazama bosi kwa matumaini. Halafu kile kifuniko kidogo cha katikati kikasogea. Polepole, bila haraka yoyote, kikanyanyuka, springi ikajikunja, na pakawa na nafasi ya kupitisha kidole.

"Kimefunguka," alisema Bi Mwatima.

Solomon alikitoa, kikapoa, kikajifunga. Akakitia tena. Kikafunguka tena, vizuri zaidi. Aliinamia ile sufuria mpaka mvuke ukamlowesha uso, na sikujua kama ni mvuke tu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, akijisemea mwenyewe, kwamba hita haikutoa moto siku ile. Hapo ndipo angepaswa kujua. Aliporudia maneno kwa ajili yetu, alieleza kwamba alipobadilisha ule mpira alijaza maji bila kuitoa hewa. Hewa ikabaki ndani, ikakaa palepale penye themostati na ikaziba njia ya hita. Kifaa kinafunguliwa na maji ya moto, na maji hayakukifikia, kilizungukwa na hewa. Kilikuwa kizima muda wote. Alipokitoa maji yakapata njia pana, yakaisukuma hewa yenyewe, gari likapoa, na yeye akaamini ametibu.

"Kosa ni langu, bosi," alisema. "Lakini mimi si mwizi."

Sultan alisimama hapo amejishika kiuno. Alikuwa amejiandaa kwa mwizi, na mbele yake yuko mtu aliyekosea, tena aliyejithibitishia kosa mwenyewe kwa mkono wake, na uso wake ulionyesha hajui afanye nini na hasira aliyobaki nayo. Ndipo akanigeukia mimi.

"Na wewe, Risper. Kilikuwa wapi?"

"Kwenye sanduku langu."

"Tangu lini?"

"Tangu Taif."

"Cha nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu usiku kucha, matatu au manne, mazuri tu. "Kwa sababu kilitoka mkononi mwake," nilisema.

Mayai yalikuwa yanagongana kwenye sufuria. Nilizima jiko ili nipate kitu cha kufanya. Solomon hakunitazama, alikuwa anatazama ule uzi mkononi mwake, na madam Hala alikuwa ananitazama mimi. Nilidhani atapiga kelele. Alivuta kiti akaketi, akasema kwa Kiarabu kwamba sasa hawawezi kukaa wote wawili nyumba moja, na hilo nililielewa bila mkalimani.

Aliyeokoa mambo, kama yaliokolewa, ni Bi Mwatima. Alisema magoti yake yamepata nafuu, baridi ya Riyadh hana haja nayo tena, anataka kwake Ghulail, na hawezi kukaa huko bila mtu. "Huyu n'takwenda naye mie," alisema, akanigusa bega kwa gongo. "Sulemani akae na gari lake."

Kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa. Wala wakala hakuambiwa kitu. Sultan aliniambia niende nikafungashe, kwa sauti ya chumvi, na mpaka sasa sijui kama siku ile nilishukuriwa au nilitolewa nje. Nilipanda ngazi nikalia, nikashuka nikamenya mayai. Nilikuwa nimeshinda, na nilichoshinda kilikuwa Solomon kubaki Riyadh, na mimi nakwenda Jeddah. Simu zipo, najua. Lakini mtu ambaye hamjawahi kuongea naye zaidi ya safari na mizigo, utampigia umwambie nini?

Siku ya kuondoka Solomon alirudisha themostati mahali pake, na gasketi mpya. Safari hii aliitoa hewa kama inavyotakiwa. Alipandisha gari kwenye mwinuko wa getini, pua juu, akaacha mdomo wa rejeta wazi, akawasha injini, akaweka hita mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele anaminya mpira kwa kitambaa, viputo vinapanda, anaongeza maji, anaminya tena. Alihitaji mtu wa kukaa ndani kumwambia hita itakapoanza kutoa moto, maana hapo ndipo hewa inakuwa imekwisha. Bosi alikuwa kwenye simu. Solomon akanionyesha kiti cha mbele kwa kidole, na madam akaagiza Bibi akae kiti cha nyuma, tusiwe wawili tu. Bibi alikuwa tayari kakaa, na blanketi lake.

Boneti ilikuwa imefunguka, simwoni Solomon, nasikia sauti tu. Na mluzi. Alikuwa anaupiga ule wimbo, nusu yake.

"Imekuwa moto?" aliuliza.

"Bado," nilisema, na ilikuwa kweli. Upepo ulikuwa baridi.

Aliminya, akamimina maji, akauliza tena, nikajibu bado. Halafu upepo ukabadilika. Ulikuja uvuguvugu kwanza kwenye vidole, kisha moto wa kutosha kukausha mdomo. Mshale ulikuwa katikati, umetulia pale unapotakiwa kukaa. Gari lilikuwa limepona. Ilibaki kufunga rejeta, kupakia sanduku langu na kuondoka, na bosi mwenyewe ndiye angetuendesha, hilo nalo nilikuwa nimeambiwa.

"Vipi sasa?"

"Bado," nilisema.

Alipouliza tena nilisema bado mara ya pili, uso unanichoma. Mbele kule mluzi ulikatika. Hakuna maji yaliyomiminwa, hakuna mpira ulioguswa. Fundi anayetazama mdomo wa rejeta anaona viputo vimekwisha, hahitaji kuambiwa na mtu. Akaja upande wangu akifuta mikono, akainama dirishani, akaweka kiganja kwenye tundu la hita kama alivyofanya siku ile jangwani. Ule moto ulimpiga sawasawa. Alikiacha kiganja hapo, na kwa mara ya kwanza tangu jikoni akanitazama.

"Bado kidogo," alisema.

Akarudi mbele, nyuma ya boneti, na nikasikia anaminya mpira tena. Kiti cha nyuma Bi Mwatima alivua blanketi, akalikunja na kuliweka mapajani.